Anguko la Tatu

Minza mwanangu,

Goti langu la kulia nililipoteza machimboni Mwakitolyo, ukiwa darasa la pili. Mwendo wangu nimeupoteza mwezi huu, hapa hapa Ibadakuli, mchana kweupe, kwenye simu ya mteja. Goti lilichukuliwa na mwamba, na mwamba haunijui. Mwendo umechukuliwa na wewe.

Nimeanzia hapo ili usipekue kurasa zote hizi ukitafuta baba amekasirikia nini. Umekuwa ukiniamkia shikamoo asubuhi na jioni, na mimi nakuitikia kwa kichwa, kama mtu mwenye maji mdomoni. Mtoto anayenyimwa marahaba ndani ya nyumba yao ana haki ya kuambiwa sababu. Sababu ni ile video.

Kesho alfajiri unapanda basi kwenda Dar es Salaam. Habari za kulinda begi, za kutokula mayai ya dirishani, za kumpigia shangazi yako ukishuka, hizo mama yako amekupa tangu Jumatatu na kesho atazirudia stendi mbele za watu. Mimi nakuandikia yale ambayo sikuweza kuyasema, maana kila nilipofungua mdomo ilitoka hasira, na hasira ni bidhaa mbovu, ukishaifungua huirudishi kwenye kasha.

Siku yenyewe mashine ilikuwa imepamba moto. Unaijua foleni ya mwisho wa wiki: ndoo, viroba, wanawake wenye watoto mgongoni, na Maduhu wa bodaboda aliyeleta mahindi ya watu watatu. Nikatoka stoo na debe langu. Naona wanawake wamejiziba midomo kwa khanga. Nikadhani suruali imepasuka. Nikajipapasa nyuma, nzima. Walivyoniona najipapasa wakazidi, mmoja akaketi kabisa juu ya kiroba chake. Nikazima mashine.

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu, Baba Minza. Saga tu, baba."

Maduhu hana siri. "Mzee wangu, umekuwa staa halafu unatuficha!"

"Staa wa nini?"

"Njoo uone mwenyewe. Ila usinipige, mimi nimetumiwa tu."

Nikaona. Koti langu la mashineni, umelivaa wewe, lile la kaki lenye unga usiotoka hata ulifue kwa jiki. Uso umepakwa unga. Debe begani. Na mguu wangu. Mguu wangu kabisa, Minza: unavyopinda nje kama mlango uliotoka bawaba moja, halafu bega linaufuata, halafu kichwa kinakuja mwisho kama mtu aliyechelewa kanisani. Hakuna neno hata moja lililosemwa. Ukajikwaa kwenye mkanda wa mashine, mahindi yakamwagika. Ukaokota punje moja moja kwa heshima kubwa, kama mtu anayeokota dhahabu, ukainuka, ukajikwaa tena palepale. Maduhu alikuwa amekwisha kuiona mara nyingi, na bado alikuwa anacheka mpaka simu inatetemeka mkononi.

Hapo kwenye anguko la pili nikamrudishia simu yake. Nikawasha mashine. Nilimsagia kila mtu mahindi yake, sikumpunja mtu, na sikumtazama mtu usoni.

Nikwambie kitu ambacho wewe, uliyezaliwa na baba mwenye miguu miwili na kulelewa na baba mwenye mmoja na nusu, huenda hukukifikiria. Mtaa huu haukunijua kabla. Nilihamia hapa nikiwa tayari nachechemea, na bado hakuna mtu aliyeniita kiwete, hata mlevi. Wananiita Baba Minza wa mashine. Jina hilo sikupewa na mtu. Nililitengeneza kwa kufungua mapema kuliko wenzangu, kwa debe lililojaa mpaka mdomoni, na kwa kutembea hivi kila siku mpaka macho ya watu yakachoka kuutazama mguu. Ilichukua miaka. Wewe umeyaamsha kwa dakika moja na nusu.

Na ndiyo hiyo dakika moja na nusu iliyowafanya wale watu wa Dar wakupigie. Kundi zima la vichekesho, na wao hawamtaki Minza wa peke yake. Wanamtaka "yule mzee wa mashine." Mama yako amenifikishia ujumbe wako: unaliomba koti.

Sasa nisikilize kidogo kuhusu watu wanaoanguka bila kusema neno. Kazi hiyo niliifanya kabla yako.

Banda la video la Mwakitolyo unalikumbuka kwa harufu ya petroli, najua, maana mpaka leo ukipita karibu na jenereta unasema "panakumbusha nyumbani." Nililijenga kwa mikono yangu: nguzo, maturubai ya bluu, na mabenchi ya matimba, yale magogo wanayoshikizia kuta za maduara, yale mashimo ya dhahabu, nikachukua yaliyokataliwa kwa kupinda. Walikuja watu wa kila kabila, wachimbaji, madalali, mama lishe, wengine Kiswahili chenyewe wanakiokoteza. Filamu zilikuwa za kigeni, kwa hiyo lazima uwe na mtafsiri. Wangu alikuwa Luhende, kijana wa Kahama mwenye mdomo usio na breki. Alikaa kando ya televisheni na kipaza sauti, akawapa Wachina majina ya Kisukuma, akawagombanisha kwa sababu ya ng'ombe wa mahari. Watu walilipa kumsikia Luhende zaidi kuliko kuona picha.

Siku moja nilinunua katoni la diski pale sokoni Nyasubi, kwa jumla. Mimi jumla siiachi. Ndani kulikuwa na moja isiyo na maandishi wala picha juu. Jumamosi, siku wachimbaji wanapopata mgao wao, banda limefurika, tukaiweka. Picha nyeusi na nyeupe. Watu wanakwenda haraka haraka kama kuku walioona mwewe. Na sauti hakuna. Hata mlio wa kikohozi.

"Kopi hiyo!" mtu wa benchi la nyuma akapaza. "Bosi, umeuziwa kopi!"

"Waya umechomoka, ngosha! Tazama waya!"

"Rudisha viingilio vyetu, tukanywe!"

Mimi nikajitupa chini ya meza. Nikachomoa waya wa kulia nikauchomeka kushoto. Nikaipiga spika kofi. Nikapuliza matundu ya deki kwa mdomo. Nilikuwa kule chini, jasho linanitoka, natengeneza sauti ambayo haikuwahi kuwepo tangu filamu ile itengenezwe, na nikiwa kulekule nikasikia banda zima linacheka. Nikatoka nikijua wananicheka mimi. Kumbe walikuwa wamenisahau.

Kwenye picha alikuwapo bwana mnene, suruali imefungwa kwa kamba, amebeba kioo kikubwa cha dirisha ndani ya fremu yake. Anakipeleka kwa mwenyewe, mji mzima uko katikati. Upepo unamsukuma, mbwa anampitia miguuni, anaanguka chali, miguu juu, kioo kiko salama tumboni mwake. Anainuka, anakibusu. Anaanguka tena, vibaya zaidi, na kioo kizima. Luhende alikwisha kushika kipaza sauti: "Nalikwambia Mama Ng'wandu uje uchukue kioo chako mwenyewe, wewe unakaa tu unakula viazi!" Wachimbaji wanapigana vikumbo kwa kicheko. Hapohapo tukampa jina: Fundi Kioo.

Mara ya tatu hakuanguka kwa kishindo. Aliteleza kidogo tu, kitu kidogo, na kioo kikavunjika chote. Yule bwana akasimama. Akatazama huku na huku kama kuna mtu ameona. Kisha akainua fremu tupu, akaibeba taratibu, kwa uangalifu kuliko mwanzo, akaendelea na safari. Luhende bado anaropoka, mara viazi, mara Mama Ng'wandu. Mtu mmoja gizani akasema, bila kelele, "Luhende, nyamaza. Tunamwona."

Luhende akanyamaza. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Tukabaki na mlio wa jenereta huko nje. Bwana yule akafika kwenye nyumba, akapachika ile fremu dirishani, akatoa leso mfukoni, akaanza kufuta kioo ambacho hakipo. Anafuta pembeni, anafuta katikati, anapulizia mvuke wa mdomo, anafuta tena. Mwenye nyumba amesimama upande wa pili, wanatazamana. Humo bandani hakuna aliyecheka. Mtu alipenga kamasi.

Mimi ni mtu wa hesabu, na usiku ule niliipiga. Anguko la kwanza watu wanacheka kwa sababu halikutarajiwa. La pili wanacheka zaidi kwa sababu wamelitarajia. La tatu ndilo linalosema kama mtu yule ni mtu au ni gunia. Hesabu hiyo niliipata sawasawa. Nilipokosea ni kwenye matumizi. Nilisema, haya mawili ya kwanza yanajaza mabenchi, la tatu linapengesha watu kamasi, na mtu anayepenga kamasi hanunui soda. Kwa hiyo nikachukua mawili, la tatu nikaliacha kwenye diski.

Ndipo nilipoanza ile promosheni unayoikumbuka. Kila jioni nafunga suruali kwa kamba, najipaka unga usoni, nabeba fremu tupu ya dirisha, nazunguka kambi nzima, kwa mama lishe, kwenye karasha la kusagia mawe, kwenye midomo ya maduara. Naanguka mara mbili, navua kofia, natangaza kwa vidole filamu ya leo. Wewe ulinifuata nyuma na kifremu chako cha vijiti. Ulianguka nami. Watu walisema mtoto anamshinda baba. Ukweli ni kwamba ulinishinda, na mimi nilifurahi nikakuongezea unga. Kwa hiyo nikiuliza nani amekufundisha kuchekesha kwa mguu wa mtu, nijitazame kwanza.

Msimu ule nilikuwa na hisa katika duara moja, na wabebaji walikuwa wachache, nikaamua kubeba viroba vya mawe mwenyewe mpaka kwenye karasha. Wachimbaji wamekaa juu ya tuta wanapumzika, na Luhende yupo, anatafuna muwa. Nikajikwaa. Ile ilikuwa kweli, jiwe tu. Kiroba kikanipita kichwani, nikaenda chini. Wakacheka.

"Fundi Kioo! Leo umeamka na kazi!"

Kilichofuata, Minza, hakuna mtu aliyenilazimisha. Niliinuka, nikavua kofia, nikakibusu kiroba. Wakashangilia. Nikaona hilo ni tangazo la bure. Nikarudi nyuma hatua kadhaa, bila kutazama, ili nianguke vizuri, nikaanguka. Tuta zima likanguruma kwa kicheko. Nikiwa chini pale, nikajivuta kuinuka, udongo ukakatika. Nyuma yangu kulikuwa na duara la zamani lililoachwa, halikuwa refu, lakini lilitosha.

Nilipofika chini, mguu ulikuwa umelala upande ambao mguu haulali. Vumbi limenijaa uso mzima, jeupe. Sauti haikutoka, kifua kilikuwa kimefunga. Nikainua mikono, nikaipunga. Wakaja ukingoni, nikaziona nyuso zao zimepangana kuzunguka anga, na zote zinacheka. Nikapunga tena. Wakapiga makofi. Mmoja akaniambia, "Ngosha, hiyo ya leo umetisha!" Nikaonyesha mguu kwa kidole, na kadiri nilivyozidi kuonyesha ndivyo walivyozidi kushika mbavu, kwa sababu kwa muda wote ule nilikuwa nimewafundisha mwenyewe: huyu akipunga mikono, mcheke.

Mama yako alikuwa anauza uji pale chini ya mteremko. Alikuja na upawa mkononi. Akachungulia mara moja tu.

"Huyo hachezi!" akasema. "Huyo hachezi, enyi watu!"

Hakuna aliyemwamini palepale. Akampiga mmoja kwa ule upawa.

Walipoelewa, wale wale walishuka kwa kamba, wakanitoa, wakang'oa mlango wa choo cha kambi wakanilaza juu yake, wakakimbia nao mpaka barabarani kwenye gari. Hawakuwa watu wabaya. Hiki ndicho ninachokihangaikia siku zote, kwamba hawakuwa watu wabaya. Laiti wangekuwa wabaya ningekuwa na mtu wa kumchukia.

Luhende alikuja hospitali. Alikaa kwenye stuli, ameshika kofia. Mtu aliyewapa Wachina wote majina, akakosa la kusema mpaka nesi akatangaza muda wa wageni umekwisha. Alipofika mlangoni akageuka. "Bosi," akasema, "mimi nilipiga makofi." Akaondoka, nikasikia baadaye kwamba amekwenda machimbo ya Geita, na kwamba kule hatafsiri tena, anaponda mawe tu. Sijui. Sikumfuata. Jenereta na televisheni vikauzwa, ikanunuliwa mota ya kusagia, tukaja Ibadakuli.

Nilidhani nimetoka kwenye kazi ya kuchekesha nikaingia kwenye kazi ya kelele. Kumbe nilikuleta shuleni kwako. Mle mashineni neno halisikiki, kila mtu ni bubu. Mteja akitaka sembe anapangusa kiganja kwa kiganja, akitaka dona anakunja ngumi, akitaka umsagie leo alipe kesho anainua nyusi na kuinamisha shingo kama kuku mgonjwa. Wewe ulikaa pembeni juu ya pumba ukiyameza yote. Jioni mashine ikizimwa unaturudishia foleni nzima, mmoja mmoja, na mama yako anaomba uache asije akaharibu chakula jikoni. Mwenyekiti wa mtaa anavyopima kindoo chake kwa macho! Ulikuwa bado huna hata miaka kumi na miwili.

Na ndiyo maana nilikushika mkono siku ile, nikachukua fremu ya chekeche lililotoboka, nikakuonyesha Fundi Kioo mzima. Mpaka leso. Mpaka kufuta. Ulicheka mwanzoni, halafu ukauliza, "Baba, mwenye nyumba hakuona kwamba kioo hakipo?" Nikakujibu kwamba mashine inahitaji grisi. Hilo ni jibu la mtu mwoga. Jibu lenyewe ni kwamba aliona. Wote waliona. Alimwacha afute.

Sasa nifike kwa mama yako, maana nimekuwa nikizunguka.

Jioni ya siku ile ya Maduhu nilimuuliza, "Mama Minza, ile video nani alishika simu?" Nilikuwa najua. Siku mliyoipiga mimi nilikwenda Kahama kutafuta nyavu za mashine, ndani mlikuwa wawili tu, na picha inatikisika pale pale ambapo mtu anacheka kwa tumbo zima.

"Nilishika mimi," akasema, anachambua mchele.

"Na ulicheka."

"Nilicheka."

"Mume wako akiwa ndiye kichekesho."

"Nilicheka, halafu nikalia. Wewe hukuiona hadi mwisho?"

"Niliona ya kunitosha."

"Basi unalalamikia nusu," akasema. "Wewe mtu wa mizani, tangu lini unapima nusu ndoo ukaandika ndoo?"

Nikanuna. Nimenuna siku hizi zote, unajua, mlikuwa mnakula mkinitazama. Leo mchana, baada ya kusikia habari ya koti, nikamwambia anipe simu. Nikaenda nayo stoo, nikakaa juu ya viroba, nikaitazama tangu mwanzo. Anguko la kwanza. Anguko la pili. Nikasema haya, la tatu sasa, atanivunja shingo.

Hukuanguka.

Unabeba debe, unafika kwenye ule mlango wa bati kati ya stoo na mashine. Pale gizani. Unaliweka debe chini. Unanyoosha mguu kwa mikono miwili, kama mtu anayenyoosha waya. Unapangusa unga gotini, mahali ambapo hapana unga. Unafumba macho, unangoja. Kisha unavaa sura, ndiyo, unaivaa kama shati, unalitwaa debe, unasukuma mlango kwa bega na kuingia kwa watu ukitabasamu, kama mtu ambaye miguu yake yote ni mizima.

Minza, hicho ninachokifanya pale mlangoni hakuna mtu aliyekuwa anakijua. Mama yako mwenyewe alikuwa hakijui. Alipokuona ukikifanya ndipo alipoacha kucheka, na picha ikatulia. Mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kujiona. Nilidhani lile giza ni langu. Kila siku ya Mungu tangu tuhamie hapa nimefuta kioo pale, nikiamini upande wa pili hakuna mtu.

Nikasoma na maneno ya watu chini ya video, kwa sababu mimi nikianza kupima napima mpaka chini ya gunia. Wanacheka. Wanatuma vile vikatuni vinavyotoa machozi ya kicheko, wengine mstari mzima. Wanamwita mzee gari bovu, wanamwita mguu wa tripodi, wapo wanaoomba sehemu ya pili. Nimeshuka, nimeshuka, mpaka kidole kimechoka. Hakuna hata mmoja aliyeutaja mlango. Hata mmoja. Wamepanga nyuso zao kuzunguka lile shimo, Minza, wanapiga makofi.

Kwa hiyo huko unakokwenda nisikudanganye. Huenda hawatauona mlango kamwe. Watakulipa kwa maanguko mawili, watakuomba la pili ulirudie, na wenye kundi lao watakwambia hapo mwisho pakate, panapunguza mwendo, watu wanahama. Nitashangaa wasipokwambia. Na wewe utakuwa mgeni, una kodi ya chumba, utapakata. Mimi nilipakata mwenyewe bila kuambiwa na mtu, na sikuwa hata mgeni. Halafu siku moja utaanguka kweli, kila mtu anaanguka kweli, na utapunga mikono, na mimi nitakuwa huku Ibadakuli katikati ya kelele, na mama yako na upawa wake atakuwa mbali.

Sikuzuii. Ningekuwa wa kukuzuia nisingekununulia tiketi. Sikuombi msamaha wa mguu wangu wala sitaki uniombe wa video yako. Ila koti ni kitu kingine. Koti lina mtu ndani yake. Sitalitoa likavaliwe na gunia.

Nataka jibu la swali moja, na nalitaka moja kwa moja, usinizungushe kama mteja wa mkopo. Pale mlangoni, ulipoliweka lile debe chini na kufumba macho, ulitaka wacheke, au ulitaka wanyamaze? Ukitaka kuniambia hukufikiria, ulifanya tu kwa kuwa ndivyo baba anavyofanya, nalo ni jibu, nitalipokea, lakini koti litabaki kwenye msumari wake.

Basi linatoka saa kumi na mbili. Nitakuwa mashineni kuanzia saa kumi, mlango wa bati nitauacha wazi. Wateja wa alfajiri watakuwapo nje na ndoo zao, watanung'unika, waache wanung'unike. Mota sitaiwasha mpaka saa kumi na moja. Njoo kabla ya hapo, uniamkie, nikuitikie, halafu unijibu kwa mdomo, Minza. Usiinue nyusi wala kukunja ngumi. Kwa mdomo, nisikie.

Baba yako.